Pua ya Hasifa

Waliokuwapo: mkuu wetu wa chuo Oyat, mkaguzi Mfaransa, wanafunzi, mimi, na Hasifa wetu.

Rafiki yangu Aol, hata sasa siamini! Unajua Hasifa hufundisha mvinyo kwa kunusa tu, maana Uislamu wake haumruhusu kunywa. Leo mkaguzi akammiminia mvinyo mweupe uliokomazwa kwenye pipa: "Onja, mwalimu, utuambie."

Akanusa. Hakuna harufu! Oyat alikuwa ameupoza mno kwenye friji pamoja na bia zake, na baridi kali huua harufu.

Akanusa tena. Hakuna! Wote wanamkodolea macho. Oyat akamnong'oneza, "Nnyabo, mama, kunywa tu, la sivyo utapoteza kazi."

Hasifa akaishika glasi, ilikuwa baridi kama barafu, akaiweka mezani. "Mvinyo wa pipa haupozwi hivi," akawatangazia. "Tutangoja upate joto, kisha nitaunusa. Kunywa, sinywi, hata mkinifukuza."