Soksi Arobaini za Kijivu

2 Mei

Dada yangu mpenzi,

Halafu nilisahau kukwambia lile kubwa kuliko yote! Shikamoo kwanza. Mgongo vipi? Sisi wazima, nami nanenepa kwa kupendwa. Sikia: mume wangu amenunua soksi za watoto. Arobaini, dada! Amezificha kwenye chumba chake cha maua. Mwanamume anayenunua soksi kabla hata mimba haijaingia, si amependa huyo? Maua yetu sasa yanakwenda ng'ambo. Mwenyewe hupanda mlimani, msituni, kutafuta majani ya kuyapambia, anarudi na matope hadi magotini, namwosha miguu huku akinichekesha.

Mdogo wako mwenye raha

9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma, nimeuzoea. Nijibu bila kupamba: soksi hizo zina rangi gani? Zinapungua? Mwezi jana, hapa kazini uwanja wa ndege, nilikagua boksi la maua lililokwama tangu siku niliyokuwa sina zamu. Chini yake kulikuwa na soksi ndogo zimefungwa midomo kwa uzi, kila moja na kinyonga ndani. Wale wadogo wa msitu wenu, ambao hawapatikani kwingine duniani. Kumi na tisa walikuwa wamekufa. Jina la mtumaji lilikuwa la uongo. Usimwambie mumeo kitu.

Dada yako

15 Mei

Dada,

Shikamoo. Umeanza tena! Mchumba wangu wa kwanza ulimwita mlevi. (Haya, alikuwa mlevi.) Soksi ni za kijivu. Zimebaki sita, labda amewapa watoto wa jirani. Nilimtania, "Baba watoto, soksi za mwanetu ziko wapi?" Akanibusu shingoni: "We mwanamke, una macho ya polisi!" Kisha hakumaliza chakula. Usiniandikie tena mambo haya.

Mke wa mtu

6 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Kwa mara ya kwanza maishani umenitii, ukanyamaza. Leo asubuhi nilikuta ufunguo kwenye suruali yake nikifua. Nikafungua chumba cha maua, alichokifunga tangu nilipomtania. Nilishika soksi, ikanishika kidole. Ndani kinyonga jike, tumbo limejaa. Jicho moja lilinitazama mimi, la pili mlango. Nililia nikakaa chini. Kisha nikamfunga tena kwa mikono yangu, maana ningewaachia hawa, angepanda kuwakamata waliobaki.

Mchana ameniuliza kwa upole siku gani huna zamu. Amekuwa akiuliza hivyo tangu uchumba, nami nikidhani anaipenda familia yangu. Nimemwambia kesho kutwa. Akaniita malkia wake, na moyo wangu mjinga ukaruka.

Kwa hiyo kesho kutwa usikose kazini. Fungua boksi mapema, wapate hewa. Polisi wakimkamata mume wangu, angalia wasimpige. Barua hii anakuletea dereva wa basi, ifike kabla ya mzigo.

Nitakuja kwako kabla mwezi haujaisha, peke yangu.

Mdogo wako