Albamu Tunayoisikiliza kwa Sauti Ndogo

Jumapili, jioni kabla giza halijaingia. Mvua imenyesha tangu tulipotoka misa ya kwanza, na ziwa halionekani dirishani, ni ukungu mtupu. Leo umeme upo. Kila neno naliandika kisha nalifuta.

Nimeogopa leo. Niliseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Wanaopita hapa kusoma wanajua kwamba miezi hii nimeandika juu ya kitu kimoja tu, albamu mpya ya Petit Malembe. Ndiyo, yule yule wa kuchezesha harusi, wa suruali za kung'aa, ambaye zamani nilizima redio nikimsikia. Albamu yake ya mwisho haina hata wimbo mmoja wa kuchezwa. Ni gitaa na sauti yake, basi. Mahali pengine unasikia anavuta pumzi, unasikia kiti kinalia chini yake. Anaimba juu ya hofu yake ya kubaki peke yake, juu ya baba yake aliyekufa wakati yeye yuko jukwaani, juu ya kelele zote alizopiga miaka yote ili asisikie moyo wake.

Nilipoandika mara ya kwanza kwamba hiyo albamu imenikalisha chini nikalia, nilidhani watu watanicheka. Hawakucheka. Waliniandikia. Mwanamke mmoja alisema anaisikiliza akifua, ili watoto wadhani macho yake ni mekundu kwa sababu ya sabuni. Mwalimu mmoja alisema tangu mji wetu utekwe na wenye silaha hakuwa ameweza kusali, na kwamba wimbo wa pili umemrudishia maneno.

Ndivyo tulivyoanza kuisikiliza pamoja hapa kwetu, Muhumba, kila Jumapili baada ya chakula. Si kundi kubwa. Mimi na bwana wangu Patient. Tonton Deo, mdogo wa marehemu baba, aliyekimbia kutoka Kavumu na sasa analala katika chumba chetu cha nyuma. Alifundisha kwaya ya parokia tangu ujana wake, na anasema huyu kijana mwishowe amejifunza kunyamaza kati ya maneno. Na jirani yetu Maman Nsimire.

Maman Nsimire ndiye ninayemwogopea zaidi.

Mtoto wake wa mwisho, Espoir, aliondoka nyumbani pamoja na vijana wengine siku zile mbaya mji ulipotekwa. Hakuna anayesema kwa sauti walikwenda wapi. Avenue nzima, mtaa wetu wote, inajua ni wapi, na avenue nzima imefunga mdomo. Tangu hapo hakuna habari yake. Maman Nsimire hakupenda muziki wa kidunia maisha yake yote, lakini siku moja alisikia wimbo wa nne kupitia ukuta wetu, akaja mlangoni na kitambaa cha jikoni bado mkononi. Katika wimbo huo Malembe anapiga namba ya simu ya baba yake, akijua hakuna wa kupokea, anaacha iite tu. Maman alisikiliza wote akiwa amesimama. Halafu akasema, "Huyu mutoto anajua." Tangu siku ile hajakosa Jumapili.

Tunasikiliza kwa sauti ndogo. Siku hizi watu wanne katika salon moja, sebuleni kwa mtu, wanaweza kuitwa mkutano, na simu ikifunguliwa kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, neno moja linatosha. Tunafunga dirisha la upande wa barabara. Mvua ikinyesha tunafurahi, kwa sababu bati linatufunika.

Leo bati ndilo lililotuponza. Kelele ya mvua ilikuwa kubwa hata hatukusikia geti.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa tatu nilipoona kivuli kwenye pazia. Mlango ulifunguka bila kubishwa. Aliingia mwanaume mwenye silaha, koti lake linachuruzika maji juu ya saruji, na mwingine alibaki kwenye baraza. Patient ndiye aliyesimama, polepole, mikono yake ikionekana.

"Karibu, chef," alisema, kama tunavyomwita kila mwenye silaha.

"Muko munafanya nini humu?"

"Tuko tunasikiliza miziki, chef."

Aliangalia viti. Aliangalia vikombe vya chai, Biblia ya Tonton, dirisha lililofungwa mchana. Nilimwona anavyolitazama lile dirisha. Nilijaribu kukumbuka kilichomo ndani ya simu yangu na sikukumbuka kitu hata kimoja.

"Miziki gani?"

Nilitaja jina la Malembe. Akanikazia macho. Alisema Malembe anamjua, Malembe ni wa kucheza, sasa mbona hapa hakuna anayecheza?

Swali hilo moja ndilo lilikuwa kikao chetu chote. Tonton Deo akaniokoa. Akasema kwa sauti yake ile ya kanisani kwamba amebadilika, chef, siku hizi anaimba mambo ya ndani. Yule mtu akasema basi, endelea. Alikaa kwenye mkono wa kochi, silaha juu ya mapaja, maji yakiendelea kudondoka.

Wimbo wa tatu ukaisha. Nikajua unaofuata ni upi. Nilitaka kunyoosha mkono nizime, lakini angeuliza kwa nini.

Simu ikaanza kuita ndani ya wimbo. Inaita, inaita. Malembe anamsemesha baba yake kana kwamba amepokea. Sikumwangalia askari. Nilimwangalia Maman Nsimire. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya kitenge, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Wewe, maman," alisema yule mtu. "Unalia nini?"

Najua Maman Nsimire hajui kudanganya. Jina la Espoir liko mdomoni mwake mchana kutwa, analitaja akichambua maharagwe, analitaja akivuka barabara. Niliona midomo yake inafunguka. Moyoni nilimwomba Bikira amfunge ulimi, Mungu anisamehe.

"Ninalia sababu anaimba muzuri," alisema.

"Anamuimbia nani?"

"Baba yake. Alikufa."

Askari alimwangalia. Kisha aliinamisha kichwa na kusikiliza mpaka mwisho, pale ambapo simu inakatika na gitaa linabaki peke yake. Nilimwona sasa kwa mara ya kwanza. Ni kijana. Angeweza kukaa darasani kwangu, safu ya nyuma, pamoja na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Sijui kama nimwonee huruma. Nilikuwa na woga mwingi mno, huruma haikupata pa kukaa.

Yule wa baraza akamwita. Akasimama. Hakudai simu, hakuuliza majina. Mlangoni akageuka.

"Hii albamu iko na nyimbo ngapi?"

"Tisa," nilisema.

"Dimanche nitarudi. Tutaimalizia."

Akaenda.

Tulibaki hivyo hivyo hadi geti lilipolia. Tonton Deo alianza rozari bila kutangaza, sisi tukaitikia. Nilipiga deki maji aliyoyaacha, nikapiga tena mahali palipokuwa pamekauka.

Baadaye mimi na Patient tulibishana jikoni kwa kunong'ona. Yeye anasema tuache, nifute kila kitu, Jumapili ijayo twende tushinde kwa dada yake aliyeko Nyalukemba. Nikamwambia akikuta nyumba imefungwa atajua tulikuwa na cha kuficha. Akaniambia tukikaa, akirudi na wenzake, atakuta mkutano uliomsubiri. Sote wawili tunasema kweli, na hilo ndilo linalonitisha. Hakuna mlango wa kutokea usio na mtu nyuma yake.

Hatukuwa tumemaliza Maman Nsimire aliporudi kwa mlango wa nyuma, kitenge kimemlowa mabegani. Alikataa kukaa.

"Mimi nitakuja dimanche," alisema. "Nikikosa, atauliza yule maman wa kulia iko wapi. Atakuja kumutafuta kwangu. Na kwangu, Aline, picha ya Espoir iko ukutani."

Patient alimwambia aitoe ile picha. Maman alimtazama kama mtu aliyeambiwa atoe jicho. Kisha akasema amesikia, akaenda zake.

Basi tutakaa. Imeamuliwa hivyo, na si mimi niliyeamua. Aline si jina langu, wala hao wengine sio majina yao, na haya nayaandika hapa kwa sababu ukurasa huu hauna jina langu, lakini simu yangu inalo. Nikimaliza nitafuta nyayo zangu kwenye simu kama ninavyofanya kila mara.

Kuna kitu kimoja zaidi, na hiki sijamwambia Patient.

Kabla ya kuandika nilivaa visikilizio nikasikiliza albamu yote tena, peke yangu chumbani, wimbo kwa wimbo. Sikuisikiliza kama mtu anayeipenda. Niliisikiliza kama yule wa bariere anayefungua simu ya mwenzake. Kila mstari niliuuliza: huyu akiusikia, atafikiri nini? Nyimbo nane zilipita. Katika wa tisa, Malembe anamwimbia ndugu yake aliyekwenda mlimani na hajarudi. Anamwambia chakula chake kimefunikwa, mlango haujakomelewa. Nimeupenda wimbo huo kwa miezi na siku zote nilijua ni ndugu aliyekwenda kuchimba dhahabu. Anasema hivyo mwenyewe katika ubeti wa mwisho. Lakini ubeti wa mwisho uko mbali. Kabla ya kuufikia kuna mlima, kama walikokwenda akina Espoir, na kijana, na mama anayesubiri. Na kwenye kiti changu atakuwa amekaa Maman Nsimire.

Naweza kuufuta. Nikamwambia yule kijana kwamba nilikosea, nyimbo ni nane. Hatajua. Lakini wimbo huo ndio Maman Nsimire anaousubiri kila wiki, na ukimalizika huwa anakaa kidogo macho yamefumba, halafu anainuka kwenda kupika kama mtu aliyekula.

Kidole changu kimekaa juu yake tangu nianze aya hii.

Nilimpenda mwimbaji huyu kwa sababu aliacha kujificha. Sasa ni mimi nitakayemficha?

Mvua imepungua. Sijafuta. Sijaamua kutofuta pia. Nitalala nayo hivi, na asubuhi nitajiuliza tena.