Baba Irène, Kiti Chako Kanisani Kimepata Mtu

Mwaka umetimia, Baba Irène, tangu asubuhi ile ulipoomba chai ya tangawizi pale hospitali, ukanywa nusu kikombe, ukatuacha kimya kimya. Iliyobaki niliimaliza mimi, maana hukupenda kitu kimwagwe.

Wasiokujua wajue kwamba uliitwa Fortunat Cirimwami. Ulitoka upande wa Bukavu, Kongo, ukiwa kijana, ukavuka mpaka, ukaweka cherehani yako huku kwetu, mtaa wa Nyakabiga, ukaoa msichana wa Kirundi, yaani mimi, Daphrose. Watu wa kwenu na wa kwetu walisema hatutafika mbali. Tumefika kwenye wajukuu.

Kila mama aliyekuletea kitambaa cha sare ya mtoto, ulimwachia pindo refu kwa ndani, ili mtoto akirefuka lifunguliwe, asinunuliwe nguo nyingine. Hukumwambia. Aligundua mwenyewe mwaka uliofuata, akaja kukushukuru, nawe ukajifanya umesahau.

Ulipenda ndagala za kukaanga, visamaki vile vya ziwani, ukizila pamoja na kichwa na mkia. Ulipenda kuimba, na uliimba vibaya. Prodige wa kwaya alikuwa anakuomba, "Mzee, we tutafsirie tu, kuimba utuachie sisi." Ulicheka kuliko wote, na Jumapili iliyofuata ukaimba tena.

Kutafsiri ndiyo kazi uliyopewa katika kanisa letu la Kanyosha. Mhubiri akisema Kirundi, ulisimama kando yake ukawapa ndugu wa Kongo Kiswahili, na akisema Kiswahili ukatupa sisi Kirundi chako cha kuvunjika. Ukichoka ulikaa kwenye kiti chako cha mbao karibu na mimbari, kile ulichokishonea mto kwa ajili ya mgongo.

Wageni wengine walikuja wakahubiri safari zao na maono yao mpaka jua likageuka. Uliwatafsiri vizuri, bila kuwaaibisha. Ila tukifika nyumbani ulivua viatu ukasema, "Mama Irène, leo nimetafsiri sana, lakini Yesu sikumukuta mule." Halafu ulimwombea yule mhubiri kwa jina lake, kabla hujala.

Na mtu akisema "kanisa la Mzee Cirimwami", ulimgeukia. "Ni mi nilikufa juu yenu? Mi niko fundi wa nguo tu."

Sasa nawe umekufa, Baba Irène. Lakini umekufa kwa ugonjwa wa figo, si kwa ajili ya dhambi za mtu. Hilo ndilo tulilokaribia kulisahau, na ndilo nataka kukueleza leo, huku wengine wakisikia.

Baada ya kukuzika, Scholastique, mkuu wetu wa akina mama, alikifunika kiti chako kwa kitambaa cheupe. Kila Jumapili alileta maua. Hakuwa na ubaya. Mumewe alipokuwa mgonjwa, wewe ndiye uliyekwenda kumnyoa ndevu, na mama yule hajasahau. Nami nilifarijika. Nilikuwa naingia, naona cheupe kile, nasema moyoni: bado yuko.

Mambo yalikuja kama ziwa linavyopanda mwaka wa mvua nyingi. Huoni maji yakisogea, unaona tu mlango umelowa. Kwanza watu walikigusa kiti wakipita. Kisha maombi yakaanza kwa "Mungu wa Mzee Cirimwami, utusikie". Mama mmoja alimlaza juu yake mtoto mwenye homa, kabla ya kumpeleka kwa daktari. Halafu likaja wazo la sherehe ya mwaka: vitenge vyenye picha yako, na kiti kiinuliwe jukwaani, watu wakione vizuri.

Jumapili ya meza ya Bwana niliingia nikakuta meza ya mkate na kikombe imesukumwa ukutani, karibu na ngoma. Katikati, mahali pake, kilikuwa kiti chako.

Nilikaa nikatazama. Nilijua ungesema nini. Lakini niliogopa, nakwambia kweli. Kiti kile kikiondoka, nitakuona wapi tena?

Ndipo akaingia mwanamke kijana anayeitwa Sephora, aliyevuka mpaka kutoka Kongo siku chache kabla akikimbia vita, mimba yake ikikaribia. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Akaegemea ukuta wa nyuma, akipumzisha mguu huu, kisha ule. Watu walimwona. Kanisa zima lilikuwa na nafasi moja tu iliyo wazi, na hakuna aliyethubutu kuitazama.

Nilikwenda mbele nikaanza kukunja kitambaa. Scholastique akanifuata mbio.

"Mama Irène, apana! Iyo kiti ni ya Mzee!"

"Mzee amekwisha kupata pa kukaa, Scholastique. Huyu bado."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema mujane amezeeka, akili imeanza kutembea. Waache waseme. We nisaidie kubeba meza, mikono yangu haina nguvu."

Mtu mmoja kwenye kwaya alicheka, kisha akaona aibu. Mchungaji Léonce alikuwa amesimama na Biblia wazi. Aliifunga, akaja akashika upande mmoja wa meza, Prodige akashika wa pili. Waliibeba taratibu, kikombe kisimwagike, wakairudisha katikati.

Scholastique hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilidhani atatoka nje aende kwake. Badala yake alikibeba kiti mwenyewe, akakiweka mwanzo wa safu ya akina mama, akamshika Sephora mkono.

"Kuja, mwanangu. Kaa. Iko na muto laini, Mzee alikuwa na mugongo mubaya."

Sephora alikaa, akashusha pumzi. "Mzee nani?"

Hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza hivyo pale. Scholastique alinitazama, akajifuta macho, akamjibu, "Alikuwa anatutafsiria habari za Yesu."

Baba Irène, katika mwaka huu wote, kati ya maua na mipango ya vitenge na hotuba, sijasikia mtu akikusifu vizuri kuliko hivyo.

Tukaula mkate. Nilipopokea kikombe niligundua kwamba sikuwa nimekutafuta kwa macho, wala sikuwa nimekupoteza.

Kitambaa Scholastique alikichukua kwenda kukifua, na hajakirudisha. Sijamuuliza. Watu wawili watatu bado wamenuna, tunasalimiana nao hivyo hivyo. Sephora amejifungua mtoto wa kike.

Vitenge havitashonwa. Jumamosi hii ndugu na marafiki waje nyumbani Kanyosha. Kutakuwa na maharage, ndagala, na vituko vyako vya kusimulia mpaka tuchoke. Lakini Jumapili ni ya Bwana, kama Jumapili zote. Nimemwomba mchungaji asilitaje jina lako mimbarani. Nilifikiri kumwomba hivyo kutaniuma. Nilirudi nyumbani nikiimba, na mjukuu wako Orlane anasema siku hizi naimba vibaya kama wewe.

Wanaokukumbuka ni mimi mke wako Daphrose. Watoto wako Irène, Maxime na Danielle. Wajukuu wako Chance, Vainqueur na Orlane. Scholastique na akina mama wote. Na wale waliolifungua pindo lako mwaka baada ya mwaka.

Wewe tutakukumbuka siku zote, mpenzi wetu. Yesu ndiye tunayemngoja, na atakapokuja, atakuja nawe.