Kitufe cha Kushona Maoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa maoni! Yaani kazi ya maoni — ile sehemu ya chini ya blogu ambapo msomaji anaandika analofikiri. Bwana Kesho (bosi wetu, kila kitu kwake kinatakiwa kesho) alisimama mlangoni na kikombe chake, akasema watu wa maktaba wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuiona programu yetu. Wasomaji wao wakikosa pa kusemea, hawaichukui. Nani anaiweza? Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Rangi, anayetuchorea kurasa, akacheka chini kwa chini.

Acheke. Naiweza.

Ugumu uko hapa: blogu yetu ni ya aina inayoitwa "wiki", yaani ukurasa ambao yeyote anaweza kuuhariri. Mtu anaandika makala yake, msomaji akiona kosa anaingia mwenyewe na kulirekebisha, na historia inatunza kila toleo. Sasa kama msomaji anaruhusiwa kugusa makala yenyewe, maoni ya nini tena? Rangi anasema tufanye kama wenzetu wote — visanduku chini ya makala, kimoja baada ya kingine, basi, twende tukale. Nikamwambia huko ni kununua gari halafu kulivuta kwa kamba. Akasema haya, lete injini. Nitaleta.

Jumanne, 4 Machi

Imekuja! Na imenijia kwa Mama, si ofisini.

Nilipitia kwake jioni. Alikuwa kwenye cherehani, miwani puani, gauni la mteja limebana kiunoni. Akaokota kipande kwenye kapu la mabaki, akakipima kwa jicho, akakishona ubavuni. Gauni likakaa. Hata ukikitafuta kile kipande hukioni. Nikabaki nimesimama na chai mkononi kama mtu aliyepigwa shoti.

Maoni ni vipande! Msomaji anaacha kipande chake chini ya makala. Mwenye blogu akiona kinafaa, anabofya kitufe kimoja — SHONA — na kipande kinaingia ndani ya makala, pale pale kinapohusika. Chini kinaondoka. Makala inanenepa, chini panabaki safi. Rangi na visanduku vyake watajiju.

Mama akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikambusu kichwani. Akasema nimemwagia chai kitambaa cha watu.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Kesho kaipenda. Anaitaka kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Inafanya kazi! Nijipongeze mwenyewe, maana kwenye ofisi ile hakuna mwingine wa kunipongeza. Rangi kasema tu kwamba kitufe kimekaa vibaya, akakisogeza kidogo, na kweli kikakaa vizuri. Pia nimeweka onyo jekundu: mtu akiwa ndani ya ukurasa akiuhariri, wasomaji wanaona UNAHARIRIWA, wawili wasije wakagongana.

Sasa nataka blogu ya kweli na msomaji wa kweli. Blogu ninayo: ya Mama, ya ushonaji, nilimfungulia mwaka jana. Anachapa kwa kidole kimoja, kama anayepima joto la pasi. Na msomaji anayejua kushona kuliko wote ninaowafahamu ni Mama mdogo. Hapo ndipo penye miiba.

Mama na mdogo wake walikuwa na duka moja. Mimi nimekulia chini ya meza yao ya kukatia. Kila gauni lilitoka na lebo shingoni, na lebo ilikuwa na jina la Mama peke yake, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye aliyeanza. Halafu Mama mdogo akabuni mkono wake wa gauni — anaweka kipande cha pembe nne kwapani, mtu akiinua mkono gauni halipandi. Wateja wakajaa mlangoni. Siku moja Mama akawa anamweleza mteja jinsi "alivyoubuni" mkono ule, na mdogo wake yupo pale pale ameshika mkasi. Jioni Mama mdogo aliita mtu wa mkokoteni, akapakia cherehani yake. Tangu hapo wanasalimiana kupitia mimi.

Leo nimekwenda kumwomba asome blogu na aandike maoni kwa jina la bandia, kwa ajili ya kazi yangu tu. "Mimi? Mambo yale nilishayasahau, mwanangu," akasema, huku akikata uzi kwa meno. Lakini akakubali, na tumemwita Uzi Mweupe.

Ijumaa, 7 Machi

Moto! Uzi Mweupe hana mchezo. Kwenye makala ya zipu: kabla ya kushona, ipigwe pasi, la sivyo itajikunja. Mama — SHONA. Kwenye makala ya kola: kipande cha ndani cha kola kikatwe kidogo zaidi kuliko cha nje. SHONA. Kwenye pindo: SHONA. Natazama kwenye skrini yangu ofisini, kila kipande kinaruka kutoka chini na kuingia mahali pake. Uzuri ulioje. Nikamwita Rangi aje aone. Akaja, akatazama, akasema "hmm". Kwa Rangi hiyo ni hotuba.

Bwana Kesho ameanza kunitaja mbele za watu kama "mbunifu wetu". Kichwa kimevimba, nakiri. Kivimbe tu.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameandika makala mpya. Nimeifungua asubuhi na moyo ukaruka — ni ule mkono! "Mkono Usiopandisha Gauni." Ameeleza vizuri, hatua kwa hatua, ila hakusema umetoka wapi. Na kwenye kile kipande cha kwapani ameandika kikatwe wima, kufuata uzi wa kitambaa.

Mchana Uzi Mweupe akaandika. Mstari mmoja tu. Kipande cha kwapani kikatwe mshazari. Ukikikata wima kitachanika mara ya kwanza mtu akinyoosha mkono.

Jioni Mama akabofya SHONA. "Wima" ikatoka, "mshazari" ikaingia. Chini pakawa peupe. Nilipiga makofi peke yangu chumbani! Dada mtu kapokea neno la mdogo wake, kwa kitufe changu mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mdogo kapiga simu nikiwa kazini. Sikupokea. Kapiga tena. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi.

Hakusalimia. Akauliza, maneno yangu yako wapi? Nikamwambia yameingia ndani ya makala, ndiyo uzuri wake. Akasema ameifungua makala. Maneno yake ameyaona. Juu yake pana jina la nani? "Mnasema mmenishona," akasema. "Hamjanishona, mwanangu. Mmenimeza." Kisha akasema nisimtume tena kwenye mambo yangu, na akakata.

Nilikaa kwenye ngazi nikiwa nimeudhika. Kwanza nimeudhika na yeye — historia si inaonyesha kila kitu? Abofye historia! Lakini nani anabofya historia? Mimi na Rangi. Watu wanasoma makala na kuondoka.

Nikarudi mezani nikaifungua blogu ya Mama kama mgeni. Chini ya makala wamebaki wawili: mmoja anauliza kama Mama anauza mashine za kutoboa matundu ya vifungo, mwingine anagombana na hewa kwamba wanaume hawajui kushona. Wote waliosema la maana wametoweka. Waropokaji ndio wamebaki na majina yao. Rangi kumbe alikuwa nyuma yangu. Akasema hicho ndicho alichokisemea "hmm" siku ile. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa nimevimba.

Nimechukia hasa! Nimetengeneza kwa mikono yangu mashine inayofanya kile Mama alichomfanyia mdogo wake. Tena inafanya kwa haraka zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza Mama kila kitu. Uzi Mweupe ni nani, na kwamba amekasirika. Nilijiandaa kwa kelele. Mama hata hakuinua kichwa.

"Tumeshona meza moja miaka yote ile, nisimjue? Nani mwingine anapiga zipu pasi?"

Amejua tangu siku ya kwanza! Sasa nikachanganyikiwa. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alikuwa anabofya tu, bila hata asante. Akazima cherehani. Akasema kila alipobofya alikuwa anamwambia mdogo wake: umesema kweli. Alidhani kule upande wa pili anasikia.

"Si ungempigia simu, Mama?"

"Kwenye simu mtu anakujibu," akasema, akaiwasha tena cherehani.

Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu, nikiongea peke yangu njia nzima. Mmoja anabofya kuomba msamaha. Mwingine anaona ameibiwa mara ya pili. Kitufe ni kimoja! Hapana, wazo langu si baya. Halijakamilika, basi. Nguo haitoki dukani bila lebo, na mimi nimeitoa bila lebo. Hata kulala sina wasiwasi. Kesho naijua kazi yangu.

Jumatano, 12 Machi

Saa sita nimemaliza. Ukibofya SHONA, kinafunguka kidirisha: LEBO — KIPANDE HIKI NI CHA NANI? Mwenye blogu anaandika jina mwenyewe, kwa mkono wake, mashine haimwandikii. Asipoandika, hakuna kushona. Maoni yanabaki chini. Akiandika, jina linakaa pembeni ya aya, palepale, kila anayesoma analiona. Rangi kachora lebo ndogo yenye mishono pembeni. Ni nzuri kiasi kwamba nilimwambia hivyo, na tukaona haya wote wawili.

Bwana Kesho akauliza, na mwenye blogu asiyependa kutaja watu? Nikamwambia huyo asishone. Akanywa chai yake. Akasema kesho watu wa maktaba watakuwa hapa saa nne, nisije nikawaletea jambo ambalo halijajaribiwa na mtu. Nikamwambia linajaribiwa leo.

Niko kwa Mama sasa. Naandika haya sebuleni kwenye laptopu, yeye yuko chumba cha cherehani na kompyuta yake. Kabla sijaja nilifumua ule mshono wa Jumapili kwa kutumia historia: maoni ya Uzi Mweupe yamerudi chini ya makala ya mkono, na "wima" imerudi juu. Nikamwonyesha. Nikamwambia ukitaka, shona upya. Usipotaka, acha. Kesho nitawaonyesha wageni utakachokifanya, chochote kile. Akaniambia nitoke, namzibia mwanga.

Nimetoka. Akabofya, nimesikia. Halafu kimya. Halafu kidole kimoja — tap. Tap. Kimya tena.

Mama mdogo anapiga simu. Yeye, aliyesema nisimtume tena! Anauliza mama yako anafanya nini. Ukurasa umeandika UNAHARIRIWA tangu saa kumi. Kumbe yuko pale anautazama tangu saa kumi. Nimemwambia asubiri. Hakukata.

Mama anaita. "We mtoto! Hiki kidirisha chako kimenikatalia."

Kimekataa nini? Majina mawili, anasema. Ameandika mawili, kinakubali moja tu. "Yeye alikata na mimi nikashona," anasema, "sasa nimfute nani?" Ni kweli, nilikipa nafasi ya jina moja. Sikufikiria wawili. Kukipanua si kazi, hata sasa hivi naweza, laptopu iko mapajani mwangu hapa. Lakini mkono ule aliubuni mmoja! Nikimpanulia Mama, nimempa njia ya kubaki kwenye lebo. Nisipompanulia, ataufunga ukurasa na kurudi kwenye cherehani yake, ninamjua.

Mama mdogo amesikia yote. Mama hana sauti ndogo. Simuoni, ila pumzi zake nazisikia. Akasema taratibu, "Muulize, la kwanza ni la nani."

Sikuuliza. Nimeinuka nikachungulia mlangoni. Mama ananipa kisogo, miwani ameipandisha kichwani, anakikodolea macho kidirisha. Maandishi ni mekundu, yamekataliwa, lakini yanasomeka. La kwanza si lake. La kwanza ni lile jina la utani alilokuwa akimwita mdogo wake dukani, wakati bado wanacheka pamoja.

Nimerudi kwenye kochi. Simu iko begani, programu ya kidirisha imefunguka mbele yangu, nafasi ya jina la pili bado sijaiweka. Mama anauliza napanua au sipanui. Mama mdogo anauliza kama bado nipo.