Utaratibu Haubagui

Najibu, Mzee Kyaruzi hakuwa na wakili, hakuwa na kadi ya chama, hakuwa na ndugu serikalini. Leo asubuhi halmashauri imemwambia amekosa na kitu cha nne: saini ya diwani.

Unalijua lalamiko lake, kwamba diwani amempokonya mjane Consolata kizimba cha sokoni akampa shemeji yake mwenyewe. Karani alilisoma lote, akasema kamati ya maadili hailipokei mpaka diwani wa kata asaini.

"Hata kama anayelalamikiwa ni yeye?"

"Hata kama ni yeye, mzee wangu. Utaratibu haubagui."

Nilikuwepo. Haubagui, alisema, na wala hakucheka.

Kyaruzi alilikunja lalamiko lake. Alikwenda moja kwa moja msibani Buganguzi, ambako diwani alikuwa amekaa katikati ya wapiga kura wake, akamwinamia.

"Mheshimiwa, kuna jambo la mjane. Linahitaji mkono wako."

Diwani alitazama kama watu wanasikia. Walikuwa wanasikia.

"Waitu, ndugu zangu, mambo ya wajane mniletee hata usiku," akasema kwa sauti, akasaini juu ya goti bila kusoma mstari mmoja. Akaweka na tarehe.

Watu wakapiga makofi. Msibani, Najibu. Makofi.

Sasa tuko posta. Kyaruzi amesoma saini mara mbili, amelamba bahasha, ameibana kwa kiganja mpaka ikashika, na ameituma kwa rejista ili kamati isije kusema haikuipata.