Mfano Alioutunga Neema

Soweto, Mbeya
Jumatano

Mwanangu Isaya,

Kamwene. Mkeo hajambo? Mahindi ya bondeni yamebeba, au mmewaachia ngedere? Na pombe ya ulanzi nayo isikuzidi. Mimi mzima, goti tu ndilo halitaki kunisikia.

Anayeniandikia ni Mama Tumaini, fundi cherehani wa chumba cha pili. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake sukari. Mwanao Neema hajui. Ningekupigia, ila kwenye simu unanikatiza. Barua huwezi kuikatiza.

Unajua nilikuja huku wiki mbili tu kutibiwa. Nikamkuta mwanao amekonda, amezungukwa na madaftari. Kuna mtihani wa Kiingereza, bila huo hapati kwenda kufanya unesi wake nje. Mara ya kwanza maneno magumu yalimwangusha. Nikamuuliza, "Baba yako anasemaje?" Akasema, "Baba amekubali, bibi." Basi nikabaki nimsaidie.

Cheka tu. Mama yako hata herufi a haijui, atamfundisha nani? Lakini jioni tunamenya maharage mabichi, yeye anataja neno, mimi nauliza, "Maana yake?" Anasema. "Haya, mfano?" Mwalimu wao amewaambia neno halikai kichwani mpaka ulitungie sentensi ya maisha yako mwenyewe. Anaitunga, kisha ananifasiria. Kusoma sijui, ila mikono naijua. Akilijua neno, mikono yake inaendelea kumenya. Akibahatisha, inasimama. Namwambia, "Rudia, hilo umeliokota njiani." Anacheka, "Bibi, wewe mkali kuliko mwalimu!"

Jana tukafikia neno moja, Mama Tumaini anajua kuliandika: disown. Maana aliitoa haraka, kumkataa mtu wako, kusema si wako tena. Nikasema, "Mfano?" Mikono ikasimama. Nikadhani amebahatisha. "Rudia maana." Akarudia vilevile. "Sasa mfano unakushinda nini?" Akausema kwa Kizungu, polepole.

"Nifasirie."

"Bibi, twende lingine."

"Silitaki lingine. Nifasirie."

"Baba yangu alinikana siku niliyoacha kazi Iringa."

Nikamuuliza, huo ni mfano wa daftari au ni kweli? Akainamia ungo, mabega yanatikisika. Ndipo akanieleza ulichomwambia: akivuka mpaka asikuite baba tena.

Isaya, una wazimu? Nakuuliza mimi niliyekuzaa. Unaogopa mtoto atapotelea huko. Sema basi unaogopa! Wewe ulipokwenda Makongolosi kutafuta dhahabu, baba yako alitukana usiku kucha, akavunja na kikombe changu. Asubuhi alikubebea begi mpaka barabarani. Hakukukana. Wala dhahabu hukuleta, na ugali ulikula.

Mtihani una sehemu ya kuongea, mtu anakuuliza habari za kwenu. Leo asubuhi nimemjaribu: "Niambie kuhusu wazazi wako." Amefika kwenye "baba yangu", akafunga daftari. Maneno anayo, ila hapo havuki. Akifeli kwa kutojua, sawa, atarudia, nami nitamenya maharage mwaka mwingine. Ila asifeli kwa ajili yako.

Nisalimie mkeo, mwambie mbegu ya mchicha nimempatia. Nisalimie mdogo wangu wa Kilolo, na mjomba wako mzee wa kanisa, ambaye barua hii unaweza kumsomea ukiona aibu imekupungua. Konda wa basi la asubuhi ataiacha dukani kwako kesho.

Mtihani ni Jumamosi saa tatu. Saa mbili Neema atakuwa nje ya geti, simu mkononi. Piga. Safari si lazima uikubali, hata ugombane naye baadaye. Mwite "mwanangu", asikie, kisha kata.

Mama yako, uliyemfanyia mengi na hajakukana.