Miguu Isiyotaka Soksi

Nakuru, 3 Machi

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Baba na viazi wanaendeleaje? Nimempa Jamleck wa lori barua hii kwa sababu simu ya nyumbani husikizwa na kila mtu. Mama, miguu inawaka! Nikitembea kidogo tu inakuwa myekundu, moto kama nimekanyaga makaa. Nalala nayo ndani ya beseni la barafu. Daktari mmoja alisema ni kisukari, mwingine gauti, pasta akasema pepo. Daktari wa sasa ameuliza nani kwetu ana shida hii. Nikakukumbuka wewe, na baridi yote ya huko, na bado hutaki soksi. Niambie ukweli.

Binti yako, Lynn

Mau Narok, 10 Machi

Lynn wangu,

Hatujambo, Mungu ni mwema. Kwetu hakuna ugonjwa kama huo. Soksi sizipendi tu, basi! Wacha kuuliza-uliza. Akina Njuguna wanaleta mahari yako mwezi wa nne, na unajua vile watu huchunguza ukoo. Paka mafuta, omba.

Mama yako

Nakuru, 2 Aprili

Mama,

Nikisema sijambo nitakuwa nadanganya. Nilimwambia daktari kwetu hakuna, akaanza kutafuta mambo mengine. Wiki tatu za sindano, hakuna kitu. Barafu imepasua ngozi, kidonda kimeingia uchafu, nimelazwa. Kidole kikizidi watakikata. Njuguna nimemwambia kila kitu. Amenunua feni, ameiweka hapa kitandani. Sasa unamficha nani?

Lynn

Mau Narok, 4 Aprili

Mtoto wangu,

Hali sikuulizi, naijua. Mimi miguu imeniwaka tangu darasa la sita. Cucu yako, mama yangu, pia. Aliniapisha nisiseme, la sivyo sitaolewa. Baba yako hajui, miaka thelathini na moja ya ndoa. Nasingizia kukamua ng'ombe, nasimama kwa nyasi yenye umande mpaka moto upungue, halafu narudi kupika chai. Nisamehe. Nilijali harusi kuliko miguu yako. Mwonyeshe daktari barua hii.

Mama

Nakuru, 19 Aprili

Mama,

Umeshindaje? Mimi afadhali. Daktari alikusoma mara mbili. Ugonjwa una jina, erithromelaljia, na unaweza kurithiwa. Ni nadra, wengi hawaujui. Barafu amenikataza kabisa. Dawa ya kwanza haikufanya kitu, ya pili imepunguza moto. Kidole kimepona. Sina hasira tena, kidogo tu.

Lynn

Mau Narok, 21 Aprili

Lynn,

Nimesoma nikalia. Baba yako akauliza nalilia nini, na leo nimemwambia. Ametoka nje bila kofia, hajarudi. Niulizie daktari kitu kimoja: hiyo dawa ya pili inaweza kumsaidia mtu wa miaka hamsini na nane, ama amechelewa?

Mama yako